Sura ya Sita: Jeraha Linalohama

Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, amerudi Ukerewe likizo na anatafuta kibarua. Amekaa nje ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, anasubiri kuitwa. Aliyemo ndani si mgeni kwake. Manase ni mtu wanayefahamiana tangu zamani, na leo ndiye serikali. Lakini kati yao kuna jambo zito kuliko cheo. Manase alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akaishia kaburini. Kazimoto hana ubavu wa kushindana na dola, wala hajui ni baraza gani litakalomsikiliza. Anachojua ni kwamba Manase naye ana dada, anaitwa Sabina. Hesabu yake ni fupi: dada kwa dada.

Hivyo ndivyo Euphrase Kezilahabi alivyosuka *Kichwamaji*, riwaya iliyotoka mwaka 1974. Wahakiki wameijadili miaka yote hii kama riwaya ya falsafa, kisa cha mtu anayeuliza kama maisha yana maana. Wana haki. Lakini msomaji wa kawaida hakukesha nayo kwa ajili ya falsafa. Alikesha kwa ajili ya Sabina. Alitaka kujua kama Kazimoto atamwangamiza. Kazimoto alipoanza kumpenda kwelikweli yule aliyekuwa akimwinda, msomaji akaingiwa na hofu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza: mtu aliyebisha hodi kwenye mapenzi akiwa na nia mbaya, anaweza kuiacha nia hiyo mlangoni?

Vitabu vya mapenzi ya giza vimejaa siku hizi. Mwanamume ana kovu na siri, mwanamke ana yaliyompata ambayo hayasemi, wanakutana mahali pa hatari, wanaumizana, wanapendana, na kuna mtu anayewafuatia. Wengi wanadhani taharuki ya hadithi hizi inatokana na huyo anayewafuatia. Sura hii inadai vinginevyo. Taharuki yake hasa inatokana na swali moja: je, jeraha la huyu litahamia kwa yule? Ni swali ambalo Kezilahabi aliliuliza kwenye karatasi, upande wa kusini mashariki wa Ziwa Viktoria. Upande wa magharibi, Bukoba na Muleba, watu waliliuliza ndani ya nyumba zao, na majibu yao yalihesabiwa kwa misiba.

Mashujaa wasiopata kovu

Mwaka huohuo wa 1974, Elvis Musiba alitoa *Kufa na Kupona* na kumleta mjini Willy Gamba, mpelelezi aliyetamaniwa na nusu ya vijana waliojua kusoma. Kabla yake Faraji Katalambulla alikwishafungua njia ya riwaya ya uhalifu kwa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, na baada yake Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Riwaya pendwa ya Kiswahili ilikuwa na risasi, magari, hoteli na wanawake wazuri. Willy anatekwa, anapigwa, anatoroka, na mapenzi yake ni mahali pa kupumzikia kati ya pambano moja na jingine. Akiondoka kitandani haachi kitu na habebi kitu.

Sisemi hivyo kwa dharau. Vitabu vile viliwafanya Watanzania wasome kwa kupenda, jambo ambalo mitaala mingi imeshindwa kulifanya. Lakini hatari ndani yake daima inatoka nje: jasusi, kaburu, mla njama. Shujaa akimuua adui, hatari imekwisha. Kwa Kezilahabi adui akifa hakuna kinachokwisha, kwa sababu pambano lenyewe limo kitandani.

Waingereza walilijua hili mapema. Mwaka 1847 Emily Brontë alitoa *Wuthering Heights*, na humo Heathcliff, mtoto wa kuokotwa aliyedhalilishwa, anamwoa Isabella Linton, dada wa hasimu wake Edgar, ili alipize kisasi. Mpango ni uleule wa Kazimoto. Tofauti ni kwamba Heathcliff hampendi Isabella hata siku moja. Anamtumia, anamtesa, na msomaji anajua tangu mwanzo asimame upande gani. Kezilahabi ananyima msomaji wake raha hiyo. Kazimoto anampenda Sabina, anamwoa, na kisasi anakiacha. Kwa hesabu za kawaida za hadithi, hapo angestahili kuokoka.

Haokoki. Manase na mkewe wanapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Sabina naye anashika mimba, na siku ya kujifungua mtoto ana kichwa hichohicho. Kazimoto anaelewa kuwa yeye na Manase waliubeba ugonjwa uleule kutoka kwenye starehe zao za nyuma, wakawaletea wake zao. Anajipiga risasi.

Tazama ukatili wa muundo huo. Kazimoto alikusudia kumuumiza dada wa Manase, akabadili nia kwa moyo wake wote, na mwili wake ukalitimiza kusudio aliloliacha. Kisasi kimefika salama bila mlipa kisasi. Wala hapakuwa na muuaji wa kumkamata, kwa maana muuaji alikuwa mume mwema aliyekuwa akingojea mtoto wake azaliwe.

Fimbo ya Zakaria

Miaka mitatu kabla, katika *Rosa Mistika* ya 1971, Kezilahabi alikwishaonyesha jeraha linakoanzia. Rosa ni binti wa Namagondo, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Anapogundua barua ya mvulana aitwaye Charles, anampiga Rosa kipigo cha kumtia adabu. Adabu inaingia kweli. Rosa anakwenda shule ya sekondari akiwaogopa wanaume wote, na woga huo unapovunjika unavunjika wote kwa mpigo, kwa sababu hakuna aliyemfundisha chochote kilicho kati ya kukimbia na kujitupa. Mwisho anajiua. Sura ya mwisho inawapeleka binti na baba mbele ya hukumu ya Mungu, washitakiane.

Kitabu hiki kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na baadaye kikaja kuwa kitabu cha kiada. Waliokikataa waliona matendo ya Rosa. Waliokirudisha waliona fimbo ya Zakaria. Tofauti kati ya kusoma mara ya kwanza na mara ya pili ndiyo tofauti kati ya mhusika aliyeharibika na mhusika aliyeharibiwa. Mwandishi wa mapenzi ya giza anayempa shujaa wake kovu shavuni bila kutuambia nani alishika kisu, amempaka rangi tu. Kovu lenye historia lina mtu wa pili, lina siku, lina mahali. Kwa Rosa lina hata karatasi: barua moja ya mapenzi.

Basi tuna kanuni mbili kutoka Ukerewe. Jeraha lina chanzo, na jeraha linahama. Sasa tuvuke ziwa.

Ndolage, 1983

Ukishuka bandarini Bukoba alfajiri, au Kemondo kabla ya kufika, huoni giza lolote. Unaona migomba, kahawa chini ya migomba, na miteremko inayotelemka hadi majini. Buhaya ilipata fedha za kahawa mapema, ikapata shule na makanisa mapema, na watu wake wakatoka mapema kwenda mbali. Miongoni mwa waliotoka walikuwamo wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu biashara ya ngono Nairobi wakati wa ukoloni, anawaeleza wanawake wa Kihaya waliofika mjini humo miaka ya 1930. Jambo linalosahaulika na wengi wanaowataja kwa kejeli ni mahali fedha zao zilikokwenda. Nyingi zilirudi nyumbani, kwa wazazi na kwenye ardhi.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa wa Kagera ukawa njia ya wanajeshi kwenda na kurudi, na vita ilipokwisha ukabaki njia ya magendo. Dukani hakukuwa na sabuni wala nguo, ng'ambo ya mpaka kulikuwa na vyote. Vijana walivusha kahawa na kurudi na bidhaa. Walikuwa na fedha, walikuwa na haraka, na walipendeza.

Mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, Kamachumu, wilayani Muleba, walitambuliwa wagonjwa watatu ambao rekodi za nchi zinawataja kuwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania. Kabla jina hilo halijazoeleka, watu wa Kagera waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa kilichovushwa kutoka Uganda na kuwa fasheni. Wapo walioamini kuwa ugonjwa umo kwenye nguo yenyewe. Ukilifikiria, dhana hiyo haikuwa ya kijinga kama wataalamu walivyoiona. Watu walikwishagundua kwamba kifo kinakuja ndani ya zawadi. Kijana anamletea mchumba wake kitambaa, mchumba anashona gauni, na baada ya miaka wanazikwa kwa kufuatana.

Utafiti uliofanywa mwaka 1987 ulikuta kuwa katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne, asilimia 24, ana virusi. Fikiria maana ya tarakimu hiyo kwa watu wawili wanaotamaniana mwaka ule. Hakuna dawa. Kupima si jambo la kila kituo. Anayeonekana mzima kabisa anaweza kuwa amebeba. Kila penzi jipya lilikuwa na taharuki ambayo Musiba na bastola zake zote asingeweza kuipika.

*Kichwamaji* ilikuwa imetoka miaka tisa kabla ya Ndolage. Kezilahabi hakutabiri chochote. Aliandika kuhusu ugonjwa mwingine na kizazi kingine. Lakini alikuwa amekwisha kuichora ramani ambayo watu wa ng'ambo ya ziwa lake walikuja kuikanyaga: mwanamume anayerudi nyumbani akiwa ameamua kuwa mwema, na wema wake ndio unaompelekea mke maradhi.

Mwanamke mwenye kibanja

Katika hadithi za namna hii mwanamume hupewa historia, mwanamke hupewa uzuri. Muleba haimruhusu mwandishi kufanya hivyo, kwa sababu mahali hapa mwanamke mwenye misimamo mikali ana kesi yake kwenye vitabu vya sheria.

Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini asiiuze, maadamu wapo wanaume wa ukoo huo. Mwaka 1988, katika kijiji cha Kashasha, wilayani Muleba, mwanamke aliyerithishwa kibanja, yaani shamba la ukoo, na baba yake kwa wosia alikiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akafungua kesi. Mahakama ya Mwanzo ikambatilishia mauzo na kuamuru fedha zirudi. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ikasema kanuni inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba iliyokwisha kuingiziwa haki za binadamu mwaka 1984. Ukoo ungeweza kukikomboa kibanja, lakini kwa kulipa bei ileile na ndani ya miezi sita. Wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory.

Kesi hiyo inamfundisha mwandishi wa riwaya kitu kikubwa. Katika Buhaya kibanja ndipo unapoishi na ndipo unapozikwa, mababu wako wamelala kati ya migomba. Mwanamke asiye na kibanja hana makao ya uhakika akiwa hai wala akifa. Ndiyo maana wale waliokwenda Nairobi na Kampala walirudi na kununua ardhi. Ukitaka kumwelewa mwanamke wa aina hiyo, usianze na alichokifanya mjini. Anza na kile ambacho nyumbani hakikumpa.

Tuseme basi mwaka ni 1986. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu amerudi Kamachumu akiwa na fedha za kutosha kununua kibanja kidogo na ulimi usiomwogopa mzee yeyote. Jirani yake ni mwanamume aliyepigana vita ya Uganda, sasa anaendesha lori la kahawa, halali vizuri, na hataki kuulizwa habari za Masaka. Kaka wa mwanamke anakitaka kibanja. Watu wanasema Juliana imemgusa. Wanasema vilevile kuwa imemgusa dereva. Wanapendana kwa ukali wa watu wasiotegemea kupendwa. Mambo yote ya riwaya ya giza yapo: ardhi, fedha, siri, ndugu mwenye wivu, barabara ya usiku kwenda Bukoba. Lakini msomaji wa Kagera hatakesha kwa ajili ya kaka na panga lake. Atakesha akiuliza nani kati ya hawa wawili anajua, na je, atasema?

Wapo waandishi watakaoshawishika kupita njia ya mkato. Watataka kuanza na MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia, au na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililobomoa nyumba za mji wa Bukoba. Majanga hayo yanastahili vitabu vyake. Kwa riwaya ya mapenzi ya giza hayafai kuwa kiini, kwa sababu hayabagui na hayahami. Meli haikuwazamisha abiria wake kwa kuwa iliwapenda. Ukiyaweka kama pambo la huzuni, umewadhulumu waliokufa na umeidhulumu hadithi.

Anayesema kabla ya kulala

Hapa ndipo ninapoachana na Kezilahabi. Rosa anajiua, Kazimoto anajiua. Ni njia moja ya kuzuia jeraha lisiendelee kuhama: aliyelibeba anaondoka nalo. Kifasihi ni mwisho wenye nguvu, na kizazi kizima cha waandishi wetu wazito kiliona hakuna mwisho mwingine wa kweli. Vitabu vya mapenzi ya giza vya leo vinakimbilia upande wa pili: kupendwa kunamponya mkorofi, kipigo kinageuka kuwa busu, na msichana mvumilivu anatuzwa harusi. Huo ni uongo wenye madhara, maana unamwambia msomaji wa kike avumilie tu, kovu la mwanamume litayeyuka kwa joto lake. Zakaria alikuwa na mke mvumilivu. Hakupona.

Kagera ilitoa jibu la tatu, na linaonekana kwenye tarakimu. Ile asilimia 24 ya mji wa Bukoba ya mwaka 1987 ilishuka hadi takriban 18 mwaka 1993 na 13 mwaka 1996. Ni kweli kwamba sehemu ya upungufu huo ni watu waliokufa. Lakini watafiti waliona pia maambukizi mapya yakipungua, hasa kwa vijana, na hayo yalipungua kabla ya dawa za kurefusha maisha kufika. Mahali fulani, maelfu ya mara, mtu alikataa, au aliuliza, au alisema. Wachumba waliahirisha harusi ili wapime. Wajane walikataa kurithiwa.

Kwa macho ya mwandishi wa riwaya, hayo ni matendo ya ujasiri kuliko kufyatua bastola. Anayejiua anabaki na siri yake. Anayesema anaweza kupoteza vyote alivyotamani: mpenzi, heshima, kibanja, hata mahali pa kuzikwa pamoja na wenzake. Na ni lazima aseme kwa mtu anayempenda, wakati anapotamani kunyamaza kuliko wakati wowote mwingine. Ukiwa mwandishi umemjenga dereva wako kwa kurasa mia mbili, msomaji anajua vita vyake, anajua aibu yake, anajua jinsi mwanamke yule alivyo mkali na alivyokwisha kuumizwa, basi sentensi moja ya dereva huyo itamtetemesha msomaji kuliko mlio wa risasi ya Kazimoto.

Na wala si lazima asamehewe. Mwanamke wa Kamachumu anaweza kumfukuza, akabaki na migomba yake, akafungua kesi dhidi ya kaka yake na kushinda. Anaweza kukaa naye na wakazeeka wakigombana. Mwandishi atachagua. Kinachotakiwa ni kwamba mikononi mwake jeraha lifike kwenye mlango wa mtu mwingine, ligonge, na safari hii liseme jina lake kabla ya kufunguliwa.